Sauti za Wabeba Mizigo

Nakumbuka Jumapili moja hapa Kisangani, mwanangu, wivu uliponishika. Parokia ilionyesha filamu ya zamani: Mzungu anapita porini akimtafuta Mzungu mwenzake, mvumbuzi aliyepotea. Filamu ilisema Kifaransa, kwa hiyo lazima mtu asimame kando ya kitambaa cha kuonyeshea, na mikrofoni mkononi, awaelezee watu. Mtu huyo nilikuwa mimi. Siku zote, mimi!

Siku ile padri akampa mikrofoni Faustin, mtoto wa wavuvi wa Yanonge, aliyekuja mjini juzi tu. Loo! Na Kifaransa chake cha kuokoteza. Hakuhangaika na maneno ya Wazungu, aliwasemea wabeba mizigo waliomfuata yule Mzungu nyuma: "Bon, muzungu anapotea yeye, alafu mimi njo nabeba kitanda yake?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akina mama wakampelekea makemba, ndizi za kukaanga, pale pale aliposimama. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Lakini pale palikuwa kwangu, bwana! Nikasimama nikapiga kelele: "Watamupata! Iko muzima! Mwende kwenu!"

Hakuondoka mtu. Mama Asha, mshona nguo wa mtaani kwetu, akanivuta shati. "Mutoto, ikaa. Tunajua watamupata, ulishatuambia mwaka jana. Leo tunataka kusikia hawa wengine." Kisha akaninong'oneza: "Wivu kidonda, ukishiriki utakonda."

Filamu ilipokwisha, Faustin akaja na makemba yake mkononi. "Yaya, kaka mukubwa, Jumapili ingine tuseme wawili. Wewe muzungu, mimi wabebaji."

"Mimi siwezi kuwa mukia yako," nikamjibu. Nilijiona mwanamume kweli!

Jumapili iliyofuata alisimama na kijana mwingine. Wawili hao wakaalikwa Yangambi, wakaalikwa Isangi, kila bandari ya mtoni inawataka. Mimi nilibaki kwenye benchi, na mikrofoni sikuishika tena. Meno yangu yamekwisha, mwanangu, lakini hata leo wakitajwa, ndani kunachoma.

Basi sikudanganyi kwamba wivu hupona. Utakuja, nawe utauma meno. Ila mwenzako anayekushinda akikuambia njoo tufanye pamoja, nenda na wivu wako hivyo hivyo, wenyewe utapungua kazini. Nafasi haingoji moyo upoe.

Mungu akupe rafiki mwenye kipaji kukuzidi, na siku akikuita, akupe ulimi wa kuitikia.