Nilifuta Sauti ya Anko, Kisha Nikanyamaza

Nilipoanza kukusanya filamu za zamani za kaseti, nilikosea jambo moja, na kosa hilo likazaa mengine yote. Niliamini kwamba filamu safi ni ile ambayo mtu mwingine hajaigusa. Mkwaruzo, doa, sauti ya mtu baki, vyote kwangu vilikuwa uchafu. Nakuandikia wewe usiyenijua kwa sababu wengi wanaonijua bado wananiita kijana mwangalifu, na jina hilo linanichoma.

Naishi Shirere, katika chumba cha kupanga kilichojaa kaseti hadi chini ya kitanda. Sikusomea ufundi. Nilijifunza mwenyewe kufungua deki, ile mashine ya kuchezea kaseti, kusafisha kichwa chake kwa spiriti na pamba, na kunyoosha utepe uliojikunja. Nikipanga kaseti kwenye rafu, hurudi kuhakikisha imenyooka. Nikifika mlangoni, hurudi tena.

Ninachopenda ni zile filamu ambazo wenye akili zao hawazitaki. Zimwi la mpira linaponda mji wa maboksi. Shujaa wa enzi za mapanga amesahau kuvua saa yake ya mkononi. Mtu anauawa mwanzoni, kisha unamwona tena kwenye vita vya mwisho, akiuawa kwa nguo nyingine. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikizitazama hizo natulia, kwa sababu hakuna kilicho sawa mle ndani na hakuna anayejali.

Kaseti nzuri kuliko zote zilikuwa Lumakanda kwa shangazi yangu. Mumewe, tunayemwita Anko, aliwahi kuendesha ukumbi wa vidio pale sokoni. Wateja wake hawakuelewa lugha ya filamu zile, basi Anko alikaa kando ya televisheni na maiki, akawasimulia kwa Kiswahili na kuchomekea ya kwake. Jambazi mkuu alikuwa Chifu. Kila mto ulikuwa Nzoia, mto wetu wa huku. Zimwi likitokea, alisema, "Msiogope, watu wangu. Mtazameni mgongoni, hata shetani ana zipu." Kwa siku ambazo hakuweza kufika, aliwawekea kaseti alizorekodi mle ukumbini, filamu na sauti yake pamoja.

Kisha kiharusi kilimpiga. Kilimwachia mkono wa kushoto na macho. Maneno yalikwenda.

Shangazi akanipa kaseti zile ndani ya gunia. Zilikuwa zimekaa miaka kwenye dari ya jikoni. "Chukua, mwanangu. Wewe unaelewanga hizi mashine. Toa haya masizi, halafu utuletee."

Hakusema zaidi ya hapo. Mengine niliongeza mimi.

Nilipocheza ya kwanza, maiki ilipiga filimbi, viti vilikwaruza sakafu, watu walicheka, na Anko alizungumza juu ya muziki wote. Masikio yangu yaliuma. Nikajiambia kuwa Anko ni mpenzi wa filamu kama mimi, atafurahi kuziona jinsi zilivyotengenezwa. Nilizitafuta filamu zilezile mtandaoni, picha safi, sauti ya asili ya filamu yenyewe. Nikaunganisha kompyuta na deki ili nizirekodi kwenye kaseti hizohizo, zibaki na maandishi ya mkono wake.

Deki ikakataa. Kaseti ina kijino cha plastiki mgongoni. Asiyetaka ifutwe hukivunja, na deki haitarekodi tena. Anko alikuwa amekivunja kwenye kila kaseti.

Nami nilijua maana yake. Ukitaka kurekodi kwa nguvu, unaziba kile kishimo kwa selotepu. Nilikata vipande kwa mkasi, nikavibandika vimenyooka vizuri, kaseti moja baada ya nyingine, na sauti ya Anko ikafutika chini ya mikono yangu huku nikinywa chai.

Siku ya kuzirudisha, Shangazi alichinja kuku. Anko alikuwa amevalishwa shati lililopigwa pasi na kuketishwa mbele ya televisheni. Nilimwekea gunia karibu na mguu.

"Leo utajisikia, Baba Nafula," Shangazi akamwambia. "Uliongeanga mpaka nakuambia nyamaza tulale."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilirudisha tonge sahanini: walingoja sauti yake, si filamu.

Filamu ikaanza. Mzungu mwenye koti jeupe akaongea kwa Kiingereza. Shangazi akacheka. "Ngojeni, atakuja. Alikuwanga anachelewa kidogo, anakunywa maji kwanza."

Tukangoja. Zimwi likatoka majini, likaanguka juu ya daraja, hakuna aliyesema neno juu ya zipu.

"Mbona huyu mzungu hanyamazi? Mzee yuko wapi?"

Ningeweza kusema pale. Mdomo ulikuwa wangu na ukweli ulikuwa wangu. Badala yake nikasema, "Sauti imeisha, Shangazi. Kaseti ikizeeka, sauti hutangulia."

Akaweka sahani chini. "Ni moshi. Ni mimi niliyeziweka jikoni. Nafula aliniambia, Mama, toa hivyo vitu hapo, nikamwambia asinisumbue." Akapiga magoti kando ya kiti cha mumewe. "Nisamehe, Baba Nafula. Nimekuua mara ya pili."

Anko alikuwa ametoa kaseti moja kwenye gunia. Aliigeuza mapajani kwa mkono wake wa kushoto, polepole, mpaka kidole gumba kikafika kwenye selotepu. Kikapita juu yake. Kikarudi. Kisha akainua macho akanitazama, na hakuyaondoa kwangu muda wote mkewe alipokuwa akilia.

Aliyejua hakuwa na ulimi. Mimi niliyekuwa nao niliomba niongezewe mchuzi.

Nilirudi Shirere na sikuweza kutazama chochote. Nikasikia Shangazi amesimama kanisani kuomba aombewe kwa uzembe wake. Nikasikia hataki tena kupikia jikoni mle, anapika nje, hata mvua ikinyesha. Kila habari ilinikuta nikipanga rafu iliyokwisha kupangwa.

Jirani yangu Wafula ndiye aliyenichokoza. "Wewe umefiwa? Siku hizi hata mazimwi yako hayakuchekeshi."

Nikamsimulia yote. Akanisikiliza, akamaliza muwa wake. "Sasa mimi unaniambia ili nifanye nini, nikusamehe? Mimi ni shangazi yako?"

Nikaenda Lumakanda. Niliyasema hayohayo mbele ya wote wawili, nimesimama, maana sikuambiwa nikae.

Shangazi ndiye aliyejibu. "Kwa hivyo ulikula kuku wangu ukijua."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nikapiga magoti."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na huyu? Alijua?"

"Aliona selotepu. Alijua siku ileile."

Akamgeukia mumewe. Anko aliinua mkono wa kushoto, akamshika bega, na hapo Shangazi akafunika uso kwa leso. Baadaye akatoka kwenda kuanua mahindi. Hakurudi mpaka nilipoondoka.

Nimetafuta nakala nyingine. Nimeuliza sokoni, nimeuliza hadi Likuyani, kwa kila aliyewahi kuwa na deki. Hakuna. Watu wananisimulia vichekesho vya Anko huku wakicheka, ila kila mmoja anavisema kwa sauti yake mwenyewe.

Wewe uliyekabidhiwa kitu cha zamani, muulize mwenyewe anakipendea nini kabla hujakirekebisha. Usidhani anapenda unachokipenda wewe. Na ukiharibu, sema siku hiyohiyo. Uharibifu wangu ungeweza kuitwa ujinga. Ule unyamavu hauna jina jingine ila uongo.

Siku hizi sifuti kitu. Kaseti ikinijia na kelele, naihifadhi na kelele zake. Shangazi amerudi kupika jikoni mwake, na kanisani alisimama tena akasema hakuwa yeye aliyeharibu kaseti, ingawa hakunitaja. Kila mwezi naenda Lumakanda, nakaa nje kwenye benchi. Siku nyingine ananiita ndani. Siku nyingine haniiti, nami narudi nyumbani.