Mhojiwa wa Tatu

Nilimhoji ajuza mmoja wa Kiborana hapa Kiwanjani kuhusu ukame. Kabla ya kusema lolote alitaja baba yake, babu yake, hadi kizazi cha saba, ili ijulikane maneno ni ya nani. Mimi nikayakata majina yote. Kwenye kongamano, na baadaye kwenye jarida, nilimwita "Mhojiwa wa Tatu". Eti kanuni za utafiti, jina la mhojiwa lifichwe! Nani alinikataza kumuuliza kwanza?

Nilipompelekea jarida, kwa kuwa hajui kusoma, aliniomba nimsomee pale walipo baba zake. Nikakodolea ukurasa macho, nikaanza kutaja kwa kumbukumbu majina yasiyokuwemo. Kwenye jina la tano nikakwama. Akanitajia yeye, kwa upole.

"Pole, mwanangu," akasema. "Tafuta miwani."