Taa Isiyowaka ya Fundi Una Hakika

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, na mama yake alilitumia mpaka anafariki, lakini sisi wa mtaani tulimjua kwa swali lake. Ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza, "Una hakika?" Ukimwambia umeshiba, "Una hakika?" Basi tukamwita hivyohivyo, Una Hakika, naye akaitika. Alikuwa fundi umeme, mrefu, mpole, mkono wake wa kushoto umepungukiwa vidole viwili. Nianze na hivyo vidole kabla sijapotea, maana mimi nikishika simulizi huwa naingia kila uchochoro.

Alipokuwa anajifunza kazi, fundi wake alimpa taa ya kupimia. Si kitu cha ajabu, ni balbu ndani ya kishikio chake, na nyaya mbili zinaning'inia. Unazigusisha pale unapotaka kushika. Ikiwaka, umeme upo, kaa mbali. Isipowaka, umeme haupo, shika. Siku hiyo haikuwaka, naye akashika. Kumbe umeme ulikuwepo wote, iliyokufa ni balbu. Alipozinduka yuko hospitalini, mkono umefungwa kama mtoto mchanga, na vidole viwili havipo.

Aliniambia kwamba kilichomuuma zaidi hakikuwa vidole. Alilala pale akiiwaza ile taa. Taa isiyowaka inasema nini? Inaweza kuwa inasema umeme haupo. Inaweza kuwa inasema mimi mwenyewe ni mbovu. Na inayasema yote mawili kwa uso uleule, bila hata kukonyeza.

Tangu hapo akawa na utaratibu wake. Kabla ya kupima mahali pa kazi, anakwenda kwanza kuigusisha taa mahali anapojua umeme upo, iwake aione. Kisha anapima mahali pa kazi, isiwake. Kisha anarudi tena pale pa kwanza, iwake tena, maana nani ajuaye kama haikufa katikati ya safari. Wateja walikuwa wanachoka.

"Fundi, umekuja kutengeneza au kuzunguka nyumba?"

"Namhoji shahidi," anasema, anaendelea kuzunguka.

Alikuwa anakula kwa dada yake mdogo, aliyeolewa na mwalimu wa hesabu. Nyumba zao zilitazamana, na mimi jirani yao sikuwa mgeni mezani pale. Mwalimu alipenda vitabu vinene vya watu waliokwisha kufa zamani. Siku moja akaweka kijiko chini.

"Shemeji, wewe una ndugu yako wa zamani sana, wa nchi za baridi. Alijifungia chumbani karibu na jiko la kupashia moto, akaamua kukitilia shaka kila kitu. Macho yanadanganya. Ndoto zinadanganya. Hata hesabu, akasema, huenda kuna shetani ananichezea. Akatupa vyote nje, abaki na kimoja tu kisichotikisika, ajenge juu ya hicho."

"Akakipata?"

"Akakipata. Aliona kwamba hata kama anadanganywa, lazima awepo yeye wa kudanganywa. Anayewaza yupo."

Una Hakika alitafuna, akameza. "Sawa, yeye yupo. Na kwenye waya, umeme upo au haupo?"

Dada yake alicheka mpaka akajishika ubavu. "Huyo mtu wenu wa jiko, alikuwa na mke?"

"Hakuwa na mke."

"Ndiyo maana. Angekuwa na mke asingehitaji kuwaza ili ajue kama yupo. Angeambiwa."

Tukacheka sote, ila mwalimu alirudi kwenye neno lake. "Lakini yeye shaka yake ilikuwa na mwisho, shemeji. Alikuwa anatafuta pa kusimama. Yako haina breki. Siku moja utakwama."

"Nikikwama, nitakwama na vidole vinane."

Huyo dada ndiye aliyefanya kazi kwenye bekari ya pale kona, kwenye mashine ya kukandia unga. Ilikuwa sufuria kubwa la chuma, refu kumfika mtu kiunoni, na ndani yake chuma kinene kilichopindwa kama ndoano, kinachozungushwa na mota kwa mkanda na gurudumu nyuma ya mashine. Sasa pale bekari walikuwa na tabia moja. Umeme ukikatika, hawazimi mashine. Wanasema si imeshasimama yenyewe, uizime ya nini? Na kwa vile imesimama, ndio wakati mzuri wa kuingiza mkono na kukwangua unga uliogandia kwenye ndoano. Kaka yake alikuwa ameshawagombeza mara nyingi. Walimwitikia, "Ndiyo fundi," wakaendelea.

Mchana ule nilikuwa nimesimama kwenye kaunta nangoja mkate. Umeme ukakatika. Nikamwona dada anainama, anaingiza mkono wa kulia mpaka begani. Umeme ukarudi, kidogo tu, kama mtu aliyechungulia mlangoni. Ndoano ikageuka nusu mzunguko, ikasimama. Umeme ulikuwa umeondoka tena.

Ule ukelele sitausimulia.

Mkono wake ulikuwa umebanwa juu ya kiwiko, kati ya ndoano na ukuta wa sufuria. Mwenye bekari alikimbilia swichi ya ukutani akaishusha. Mwalimu, mume wa dada, akaja mbio kutoka shuleni, chaki bado iko mkononi. Una Hakika alikuwa juu ya ngazi kwenye duka la ng'ambo, sijui alishukaje. Sote tuliona la kufanya. Lile gurudumu la nyuma lizungushwe kinyume kwa mikono, ndoano irudi, mkono utoke. Na sote tuliona pia kwamba umeme ukirudi katikati ya kazi hiyo, mkono utang'oka, na huyo anayezungusha ataingizwa kwenye mkanda.

"Nimezima swichi," mwenye bekari akasema.

"Una hakika?"

Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Si hii hapa, imeshuka!"

"Umeshuka mshikio. Ndani je?"

Akatoa taa yake mfukoni. Kisha nikamwona anasimama nayo mkononi, anatazama huku na huku, na nikaelewa kabla hajasema. Mtaa mzima haukuwa na umeme. Hapakuwa na mahali pa kuijaribia. Taa isingewaka hapa, isingewaka kule, na isingemwambia kitu.

Akairudisha mfukoni. Ukutani kulikuwa na masanduku mawili ya fyuzi. Akafungua la kushoto, akang'oa zote. Akafungua la kulia, akang'oa zote. Mfuko wa suruali ukatuna. Mwalimu alikuwa ameshashika gurudumu.

"Shemeji, tuvute!"

"Ngoja."

"Ningoje nini? Huyu ni mke wangu!"

"Na kwangu ni dada yangu. Toa mikono hapo." Akamgeukia mwenye bekari. "Kuna waya mwingine wowote unaoingia humu?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Haki ya Mungu hakuna, fundi!"

Waya wa mashine ile haukuwa na plagi. Ulitoka moja kwa moja ukutani, kwenye plasta, na nyuma ya plasta ulikuja kutoka wapi, ulikutana na nani, hakuna aliyeona. Una Hakika aliutazama ukuta ule. Akaenda kwenye masanduku, akayachungulia tena. Akapapasa fyuzi mfukoni. Akarudi ukutani. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Umeme ungeweza kurudi wakati wowote, na yeye anazunguka njia ileile kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Umekwama," mwalimu akasema, sauti imepasuka. "Nilikwambia utakwama! Mimi navuta."

"Ukivuta na umeme ukaja, utamzika."

"Na tukikaa je?"

Dada alikuwa ameegemeza shavu kwenye ukingo wa sufuria. Uso wake ulikuwa mweupe, na si kwa unga tu. Mimi nilikuwa nimemshika bega.

"Kaka," akaita.

"Naam."

"Yule mtu wenu wa jiko. Alitafuta vyote au kimoja?"

Wanaume wale wawili wakatazamana. "Kimoja," mwalimu akasema.

"Basi na nyie tafuteni hicho kimoja mnitoe. Mkono unakufa ganzi."

Una Hakika akauacha ukuta. Nilimwona kabisa anauacha, kama mtu anayeshusha mzigo. Akachuchumaa nyuma ya mashine. Waya ulipotoka kwenye plasta ulipita wazi kidogo, kama urefu wa mkono wa mtu, kisha ukaingia kwenye mota.

"Hapa," akasema. "Utoke unakotoka, lazima upite hapa."

Akatoa koleo lake la kukatia, lenye mishikio ya mpira, akaipangusa kwa shati.

"Fundi, fundi, huo waya ni mpya!" mwenye bekari akasema. Nadhani hofu ndiyo ilimsemesha. "Nimeununua juzi juzi!"

"Na mkono wangu ni wa mtumba?" dada akamjibu kutoka kwenye sufuria.

"Mwalimu," fundi akasema, "nikiganda, usinishike. Chukua huo ubao wa mikate unipige nao mpaka niachie."

Mwalimu akachukua ubao. Koleo likauma waya, likateleza, likauma tena. Likakata. Hakuna kilichotokea, ila sote tulikuwa tumefumba macho, na mimi mzee mzima nilikuwa mmoja wao.

Akaukunja upande wa ukutani kuelekea juu, wa mota akauinamisha chini.

"Hapo katikati unaona nini?"

"Hewa," mwalimu akasema.

"Una hakika?"

"Naona kwa macho!"

"Si ulisema macho yanadanganya?"

"Shemeji, jamani!"

"Basi pitisha ubao."

Mwalimu akaupitisha ubao katikati ya zile ncha mbili, ukapita bila kugusa huku wala huku.

"Haya. Vuta."

Wakalishika gurudumu pamoja. Halikutaka. Wakalisukuma kwa vifua, likalia, likaenda, na ndoano ikarudi nyuma taratibu. Nikamvuta dada begani, mkono ukatoka. Umevunjika, umevimba, lakini upo na mwenyewe. Tukamlaza juu ya magunia ya unga, mtu akaenda kutafuta gari.

Hatujapumua vizuri, redio ya kinyozi wa jirani ikaanza kuimba. Feni za duka la ng'ambo zikazunguka. Umeme ulikuwa umerudi mtaani, ila bekari ilibaki giza, fyuzi zake zote ziko mfukoni mwa fundi. Mashine haikutikisika.

Mwenye bekari akajifuta uso, akajaribu kutabasamu. "Mnaona? Kumbe fyuzi zilitosha. Waya wangu umekatwa bure."

Una Hakika alitoa taa yake, akainama, akazigusisha nyaya zake kwenye ile ncha iliyotoka ukutani.

Taa ikawaka.

Iliwaka sana, ikamulika mpaka kwenye dari. Mwalimu alidondosha ubao. Mwenye bekari alikaa sakafuni hapohapo, miguu mbele kama mtoto.

"Welda," akasema taratibu. "Fyuzi zangu ziliwahi kuungua, nikavuta umeme kwa huyo mchomelea vyuma wa nyuma. Siku moja tu. Nilimwambia jamaa aje autoe ule waya." Akatutazama mmoja mmoja. "Mimi nilijua aliutoa. Haki ya Mungu nilijua."

Hakuwa anasema uongo, na mpaka leo sidhani kwamba aliwahi kusema uongo siku ile.

Una Hakika aliitazama taa mkononi mwake. "Balbu nzima," akasema. Kisha akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, na mwalimu akaenda kukaa karibu yake. Mwalimu alimwekea mkono mgongoni, wakakaa hivyo mpaka gari likaja.

Fundi alikataa kuuunga waya ule mpaka ukuta ubomolewe wote, waya uonekane kila unapopita. Mwenye bekari hakubisha. Mikate ikakandwa kwa mikono kipindi hicho, ikatoka migumu, tukaila. Nilikwenda kuangalia kazi. Welda mwenyewe alikuwa amekuja kukata waya wake upande wa kwake, na Una Hakika alikuwa na nyundo na patasi, plasta imemjaa kichwani. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti, mkono una plasta ya hospitali, umening'inizwa shingoni. Hakutakiwa kuwepo, lakini nani angemwambia.

"Hapo pia," akasema, akionyesha kwa kidevu kipande kilichobaki chini ya dirisha.

"Hapo hapana kitu, dada. Nimefuata waya wote, umeishia huku."

Akamtazama kaka yake.

"Una hakika?"

Fundi alisimama akiwaza. Kisha akainua nyundo.