Dakika Moja ya Dawa ya Zambarau

Saa tatu asubuhi jua limeshapanda juu ya mji mdogo wa Mkwajuni, mkoani Songwe, lakini Tukuswiga Mbonile amekaa gizani. Dirisha la maabara ya kituo cha afya anakofanya kazi limezibwa kwa kitambaa cheusi. Ameinamia hadubini, anasogeza slaidi taratibu, akitafuta vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi ya wagonjwa, wengi wao wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Vikiwepo, hung'aa rangi ya kijani. Asubuhi hii ameshasoma slaidi kumi na nne. Hakuna aliyemsemesha.

"Nawasikia watu wanacheka kwenye foleni," anasema bila kuinua kichwa. "Humu niko na kiti cha Nesta."

Nesta, mwenzake wa maabara, alihamishwa miaka miwili iliyopita na hakuletwa mwingine. Mume wa Tukuswiga, Lusubilo, analima kwao Ibaba, wilayani Ileje. Huonana mara nne kwa mwaka.

Dawa ya njano hushika vimelea, humeza mwanga wa taa na kuutoa ukiwa kijani. Lakini hushika na uchafu pia. Ndipo slaidi humwagiwa pamanganeti, dawa ya zambarau inayozima mng'ao wa uchafu.

"Inainyang'anya ile rangi nguvu kabla haijatoka kama mwanga," anaeleza. "Uchafu unazimika kwanza kwa sababu haukuishika rangi sana. Vimelea vimeishika kwa ndani. Mwisho dakika moja. Ukizidisha, navyo vinazimika."

Machi mwaka jana alizidisha. Dawa ikiwa juu ya slaidi, aliitwa haraka kupima damu ya mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Aliporudi alisuuza bila kutazama saa. Slaidi zote tano zilikuwa nyeusi. Akaandika: hakuna vimelea.

Mchana akatazama slaidi ya majaribio, ile inayojulikana kabisa kuwa ina vimelea, iliyopakwa dawa pamoja na zile tano. Nayo nyeusi.

"Hiyo inatakiwa uitazame kwanza. Mimi niliiacha mwisho."

Wagonjwa wanne walikuwa bado barazani, akawapima upya. Wa tano, Edson, mchimbaji kutoka Ndalambo, alishaondoka na majibu yake. Tukuswiga akapanda bodaboda hadi machimboni. Alimkuta kando ya shimo, anakohoa, anawasimulia wenzake kwamba amepimwa na hana kifua kikuu.

"Kosa ni langu," alimwambia. "Majibu niliyokupa si ya kweli. Naomba makohozi mengine."

Edson akauliza: "Daktari, umekuja huku kote peke yako?"

"Sina wa kumtuma."

Slaidi mpya ilijaa kijani. Edson alimeza dawa miezi sita, akapona, akarudi Ndalambo kulima. Wawili aliokuwa akilala nao kibandani nao walikutwa na ugonjwa, wakatibiwa. Tukuswiga aliripoti kosa lake mwenyewe kwa maandishi, akapewa onyo.

Tangu hapo ameandika barua tatu kuomba msaidizi. Ya nne iko mezani.

"Slaidi inahitaji macho ya mtu wa pili, hilo kila mkubwa analijua," anasema. Kisha anaongeza: "Lakini pia, vile vimelea vinapong'aa vinapendeza, usipofikiria ni nini. Nataka niwe na mtu wa kumwambia, 'Njoo uone.'"