Shimo la Kusikilizia Dunia

Athuman Mhina wa Kwedizinga amechimba visima miaka thelathini na minne. Mara nyingi alikutana na mwamba uliomshinda, akapanda juu akijiuliza chini yake kuna nini.

Mwaka juzi alipewa kazi na Hosiana, mtaalamu wa matetemeko ya ardhi kutoka chuo kikuu.

"Shikamoo, mzee. Nataka shimo la mita mbili, mbali na barabara."

"Marahaba. Mita mbili? Hata kwa choo halitoshi!"

Hosiana alicheka, akaeleza kwamba angefukia humo chombo cha kusikiliza mpaka katikati ya dunia. Athuman alidhani anataniwa, lakini alichimba, kuta zikanyooka vizuri.

Baada ya miezi minne Hosiana alirudi, akaweka kompyuta juu ya boneti ya gari na kumwonyesha mistari iliyopinda-pinda.

"Hili ni tetemeko la upande wa pili wa dunia. Mtikisiko wake ulipita ndani ya ardhi ukafika kwenye shimo lako kwa dakika ishirini."

"Shimo langu?"

"Lako, mzee. Huko ndani hajafika mtu, tunajua kwa mitikisiko hii tu. Iko ya aina mbili. Mmoja unapenya kila kitu. Mwingine haupiti kwenye majimaji. Huo wa pili, ukifika katikati, unakoma."

"Basi katikati kuna maji?"

"Chuma kilichoyeyuka. Juu yake kuna mwamba wa moto, unene wa karibu kilomita elfu tatu, na sisi tuko kwenye ganda jembamba. Ndani kabisa ya chuma hicho kuna chuma kigumu."

"Kigumu, na joto lote hilo?"

"Kimebanwa na uzito wa vyote vilivyo juu yake. Kinashindwa kuyeyuka."

Athuman alitikisa kichwa taratibu. "Mimi nagonga ukuta wa kisima kwa mtaimbo. Mlio ukibadilika, najua maji yako karibu."

Hosiana alimtazama. "Kumbe kazi yetu ni moja."

Siku hiyo Athuman alirudi nyumbani akiimba, hata mkewe Shamsia akamuuliza amekula nini.

Mwezi uliofuata Hosiana alimchukua mpaka Kerenge kuchimba shimo jingine. Wakulima walijazana wakiuliza maswali. Hosiana alikuwa na muhogo mdomoni, akamwashiria Athuman awajibu. Naye, akiwa ndani ya shimo lililomfika kifuani, aliwaeleza kuanzia ganda mpaka kile chuma kigumu. Alikosea kilomita mara moja tu.