Ulanzi Nilioonja Ili Watu Wasinikimbie

Mnaniona hivi leo mnasema huyu mama hali chakula. Zamani nilikuwa na mwili, jamani. Nikikalia kigoda hakionekani. Nilikuwa nagema ulanzi, pombe ya mianzi, kwetu Mufindi, na msimu wa mianzi ukifika uwanja wangu unajaa watu. Mume wangu alishafariki, wanangu walikuwa kwenye mkonge Tanga, lakini upweke sikuujua. Wanywaji ndio waliokuwa ndugu zangu.

Kwetu muuzaji huonja kwanza. Unachota, unakunywa mbele za watu, ndipo unampa mgeni. Usipoonja, watu wanajua umetia kitu.

Ugonjwa ulianza na kiu. Nilikunywa maji, nikanywa na ulanzi mbichi ule mtamu, kiu ikazidi. Nikawa mtu wa kukojoa tu. Sehemu za siri ziliniwasha mpaka naona aibu kukaa na wenzangu. Halafu kidonda cha mguuni kikagoma kupona, na macho yakaingia ukungu. Nikaenda hospitali, Iringa mjini. Wakachemsha mkojo wangu na dawa ya bluu kwenye kichupa, ukageuka rangi ya tofali.

"Mama, una kisukari," daktari akasema. "Ulanzi basi. Hata funda moja usinywe."

Wakatibu kidonda, nikarudi nyumbani na masharti yangu. Wa kwanza kuja alikuwa shemeji yangu Lukelo, mdogo wa marehemu. Nikampa kikombe bila kuonja.

"Shemeji, mbona huonji?"

"Daktari amenikataza."

Akakitazama kile kikombe, akakiweka chini. "Hata sisi tuna matumbo, shemeji," akasema, akaenda zake.

Baada ya hapo hawakuja tena. Hakuna aliyenitukana. Walinisalimu "kamwene" kwa mbali, wakapita kwenda kwa jirani, na mimi nasikia vicheko vyao. Ulanzi wangu ukachacha, nikaumwaga. Nawaambia kweli, upweke ule uliniuma kuliko kidonda.

Basi nikaonja. Watu wakarudi, na kila aliyekuja nilimwonjea. Nilifurahi, nisidanganye. Kisha nikaanza kutapika, ulimi ukakauka, na siku moja nikaanguka mbele yao. Lukelo ndiye aliyenipandisha kwenye lori la mbao.

Nilizinduka wodini. Walinichoma sindano za insulini, wakaongeza, na bado sukari haikushuka kama walivyotaka. Daktari akakaa kitandani kwangu.

"Mama, dawa hii hata mwili wako unaitengeneza, na sisi tunakuongezea. Lakini mwili umekuwa kiziwi, hauisikii. Punguza unene, utembee, utaanza kuisikia."

Nilikaa kule miezi. Ugali kidogo, maharage, mboga za majani, na kutembea barazani huku na huku. Saa ya kuona wagonjwa nilikuwa nageukia ukutani, maana kwetu ni mbali na sikuwa na wa kuja. Mwili ukapungua, na sindano wakazipunguza, mwisho wakaziacha. Kile kichupa kikatoka kwenye tofali kikaja njano, kikaja kijani, na asubuhi moja kikabaki bluu, maana yake sukari haimo tena. Nikatazama huku na huku nimpate wa kumwambia, sikumpata. Nikajifunika shuka nikalia.

Nyumbani mianzi niliwaachia wengine, nikalima maharage. Muda mrefu hakuja mtu. Siku Lukelo alipokuja, alikaa mbali na mlango.

"Shemeji, sisi tulidhani unatutakia mabaya."

"Mimi niliogopa hamtakuja tena," nikamwambia. "Ndiyo maana nilionja, na daktari alishanikataza."

Mtu mzima yule aliinamisha kichwa, akainuka akaenda zake. Lakini kesho yake alikuja tena.

Namshukuru Mungu, na nawashukuru waliochemsha mkojo wangu bila kukunja uso. Mwenye kiu isiyokatika aende akapimwe. Na ninyi wazima, mwenzenu akikataa kunywa na kula nanyi, msimwulize ameficha nini. Kaeni naye hivyo hivyo, bila kikombe. Mimi nilikuwa radhi kufa ili mtu akae uwanjani kwangu.