Kefa Mwalongo, mpakia mbao anayetisha kwa salamu

Saa moja kasoro asubuhi, ukungu wa Makambako bado umelalia mabati, na Kefa Mwalongo tayari ana ubao wa tano begani. Ni mbao za mbili kwa sita, futi kumi na mbili, mbichi bado, zinanukia utomvu. Gunia amelikunja mara nne akalitanguliza chini ya ubao, maana bega likichubuka Jumatatu, wiki nzima ni kilio.

Mama mmoja aliyekuja kununua mbao za kenchi za paa anamwona, anasita, kisha anazunguka upande wa pili wa fuso linalopakiwa.

"Huyo ameiona filamu," anasema Kefa, na kucheka kidogo.

Kefa ana miaka arobaini na mmoja. Ni mrefu wa kuinama mlangoni, na shavu la kushoto lina kovu la jembe aliloangukia utotoni. Siku yenye magari hupata kama shilingi elfu kumi na tano. Siku isiyo na magari hurudi Kitandililo kwa mkewe, Janeth, wakashika jembe wote wawili.

Lakini tangu mwaka jana watu wengi wanamwita Kimya. Hilo ndilo jina la mpambe wa adui aliyemwigiza katika filamu ya kijasusi iliyotengenezwa na kikundi kidogo cha Njombe mjini.

Kiongozi wa kikundi ni Prisila Kilasi, ambaye riziki yake ya kila wiki ni kupiga video za harusi na kipaimara. Alimkuta Kefa akipakia mbao, akamuuliza kama anaweza kutisha watu. Kefa akajibu kwamba hajawahi kujaribu.

Bosi wa Kimya aliigizwa na mwalimu mstaafu, Lenard Chaula, anayetoa amri za kuua huku akimenya parachichi taratibu, ganda lote lisikatike. Kazi ya Kefa ilikuwa kuvunja mlango wa nyumba ya mama wa jasusi na kuchukua ramani iliyofichwa humo.

Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Njombe inajulikana. Mara ya kwanza Kefa aliingia, miwani myeusi ikashika mvuke wa pumzi zake mwenyewe, akagonga kabati la vyombo. Mara ya pili alinguruma, sauti ikamkatikia kama ya mbuzi, watu wakacheka hadi wakajishika mbavu.

Prisila hakumfokea. Alimwambia kwa upole kwamba mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Nje, kwenye benchi, alikuwa amekaa Emanuel, kijana mwenye misuli anayefundisha mazoezi ya viungo, na koti jeusi la mtumba kama la Kimya ameshalivaa, tayari kuchukua nafasi. Kefa alikwisha kuwatangazia wapakiaji wenzake wote. Janeth naye alikwisha kuiambia kwaya yake nzima.

"Niliingia na hasira ya kweli," anakumbuka Kefa. "Nikamwona mama wa watu amekaa kando ya moto. Mikono ikavua kofia yenyewe. Nikainama nikasema, 'Kamwene, mama.'"

Kwa Wabena salamu hiyo hutangulia kila neno. Hata anayekuja kwa ugomvi wa mpaka wa shamba huketi kwanza, akaulizwa habari za nyumbani. Kefa alipogundua alichofanya, alijua nafasi imekwenda.

Ila Prisila hakuzima kamera. Tabea Mgaya, bibi wa miaka sabini, msuka vikapu aliyeigiza mama huyo, hajawahi kuacha salamu ya mtu ikining'inia. Akaitikia, lakini koleo la mkaa akalishika kwa mikono miwili. Kefa akavuta kigoda, akamuuliza alivyoamka, kisha kwa sauti ileile akamuuliza ramani iko wapi.

"Angevunja mlango ningejua ni jambazi, ningepiga yowe," anasema Bibi Tabea. "Huyu ameniamkia vizuri kama mkwe. Yowe nitalianzia wapi? Hapo ndipo nilipoogopa."

Prisila anasema mabavu watu wameyaona mengi mno. Adui anayebaki kichwani, kwa maoni yake, ni yule mwenye kitu ulichokizoea nyumbani kwako. Filamu ilipoonyeshwa katika kibanda cha video cha Makambako, watazamaji waliozoea kumpigia kelele steringi, yaani shujaa wa filamu, kwamba adui yuko nyuma yake walisahau kumwonya mtu Kimya alipovua kofia.

Emanuel alipewa nafasi ya mlinzi wa geti, na hadi leo humtania.

"Kaka Kefa, miaka sita natunisha kifua, wewe umenishinda kwa kuvua kofia."

Sasa filamu ya pili itaanza baada ya mavuno ya viazi, na nafasi ya Kefa haijawa salama. Prisila amemweleza wazi kwamba salamu haitatisha mara mbili. Watu wataisubiri, na ikija watacheka. Kimya asipokuwa na jipya, atauawa mapema, na Emanuel achukue nafasi yake.

Kefa aliishia darasa la saba. Amenunua daftari la kurasa themanini, na kila anaposubiri gari huandika maisha ya Kimya kwa kalamu ya bluu, kwa herufi kubwa.

"Zamani alikuwa mkono wa bosi tu, hana kwao," anasema. "Nimempa mama mgonjwa. Bosi ndiye anayemtibu. Sasa mtu akimwona anatumwa kuua, ajiulize na yeye angefanyaje."

Prisila amesoma kurasa nne. Hakuahidi kitu, ila ameomba zilizobaki, na Jumamosi hii Kefa atapanda basi la Njombe kumpelekea. Bado ukurasa mmoja, ule wa mwisho.

"Ananyanyuka mezani pa bosi, anamwacha na parachichi lake, anamchukua mama yake wanarudi kijijini Kichiwa kulima," anasema Kefa, akilikunja upya gunia lake. "Prisila sijamwambia bado. Bosi naye hajui."